Kunjia Ndani

...na wala hakukataa kwa ukali, hilo ndilo lililomuuma zaidi, mwalimu wa somo la uwezekano alivua miwani asubuhi ile, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema "Keti, binti," kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba, "barua ya kukupendekeza nitakuandikia ukitaka, lakini itakuwa fupi," naye akajibu asante, mjinga gani huyu anayeshukuru kwa jambo kama hilo, "Inua mikono, mama, linaburuzika," mama yake akamwambia kutoka upande wa pili wa shuka, akainua, na shuka jeupe la nyumba ya wageni likakaza katikati yao, bado lina joto la mashine, likamficha mama uso wa binti yake, afadhali, maana mdomo umeshajifunza kudanganya lakini uso bado, tangu alipoingia chumba hiki cha kufulia kuja kumpokea mama kazi amesema mambo mazuri, mwalimu hajambo, mwalimu anakusalimu, na wala hakuna aliyesalimiwa, Mungu anisamehe, hata salamu nimemtungia mtu... "Profesa," mpiga pasi akaita kutoka kwenye mvuke wake, "hebu nieleweshe, ukishakuwa huyo daktari wa takwimu, tarakimu zenyewe huumwa nini?" "Mwache mwanangu," mama akasema, "wewe kola tu inakushinda," "Nauliza mapema, shemeji, nisije nikapanga foleni kwake na homa yangu akanichoma sindano ya kugawanya," na mama akacheka, lile cheko lake la siku hizi, la mtu ambaye jambo lake limekwisha kuwa, wakati halijawa, vyuo vya ng'ambo vinataka barua tatu za walimu, mbili zipo, lakini ni za watu waliomfundisha kuchora grafu, ya huyu ndiyo itakayosomwa kwa makini, na maombi yanafungwa Ijumaa, "Niandike nini?" mwalimu alimuuliza, hakuwa anamkejeli, alikuwa anauliza kweli, "alama zako zote ni za juu, nimeziona, kisha nikaangalia ni za masomo gani, lile somo la kuthibitisha hukulichukua, lile ambalo halina tarakimu, ni hoja tupu mwanzo mpaka mwisho, na bila hilo huko unakotaka kwenda ni kama unaingia jikoni hujawahi kuwasha moto, watu hawa wataniuliza, akikwama anafanyaje? Nami sijawahi kukuona umekwama," "Sijawahi kukwama, mwalimu," alijibu kwa fahari, ee Mungu wangu, kwa fahari kabisa, na yule mzee akavaa miwani yake taratibu akasema "Ndiyo hilo..." Pembe kwa pembe, mama akasogea, wakakutana katikati ya chumba, vidole vya mama vina mikunjo ya maji, vikachukua pembe kutoka kwenye vya binti, harufu ya sabuni, uso wake karibu kabisa, mwambie sasa, mwambie, lakini mama ameshageuka kuchukua shuka jingine, "Shika," akashika, wakarudi nyuma kila mtu upande wake, na kweli alilikwepa somo lile, alikaa siku moja tu nyuma ya darasa, akaona mwalimu anajaza ubao kwa maneno matupu na wanafunzi wenye akili wanajikuna vichwa, akaenda ofisini kubadilisha somo siku hiyohiyo, akajiambia ni hekima, alama zisiharibike, usiku huo akasali Mungu asimwaibishe, na hapo ndipo penye kosa, alimwomba asimwaibishe kisha hakumwachia hata nafasi ya kujibu, alikuwa amekwisha kujijibia mwenyewe kwa kalamu ofisini... na takwimu zenyewe zilimwambia, tena wiki ya kwanza, usiwaulize waliopona peke yao kisha ukatangaza kwamba dawa inaponya, aliliandika hilo kwenye kila mtihani, akapewa alama zote, huku yeye mwenyewe akijipima kwa yale tu aliyojua atayapata, miaka yote, akasoma majibu yake akasema nina akili, na hata kwenye sala za jumuiya ni hivyohivyo, anasimama aliyepewa akatoa ushuhuda, tunapiga makofi, aliyenyimwa anabaki kwenye benchi anapiga makofi na sisi, nani amewahi kumhesabu, na mama hakuwahi kuwa na lake la kusimama nalo, baba aliumwa akafa, kazi ya ofisini aliyoombewa haikuja, kila aliposimama alisimama kwa ajili ya binti, amefaulu huyu, amekuwa wa kwanza huyu, na juma lililopita akashukuru mbele za watu kwa safari ambayo haijaandikiwa hata barua... "Unawaza nini, mama?" mama yake akamuuliza, "Nahesabu mashuka," "Tuachie sisi kuhesabu mashuka, wewe si umeshamaliza hesabu zote," mpiga pasi akadakia, na mama akacheka tena, na binti alikuwa amekuja na hasira humu ndani, mzee yule ana roho mbaya, hapendi vijana wapande, lakini hasira imekwenda wapi sasa, haipo, maana barua ile fupi ingekuwa ndilo neno la kwanza la kweli kuandikwa juu yake, simjui binti huyu, wala yeye hajijui, labda anaweza, labda hawezi, kufikia Ijumaa hakuna njia ya kujua, na somo lenyewe halifundishwi tena mpaka yeye awe ameshaondoka chuoni, wapo wanafunzi wabaya kuliko yeye ambao wana kitu cha kuandikiwa, alianguka, akarudi, akaanguka, yeye hana hata doa... "Ngoja," mama akasema, "lina doa hili," kweli, karibu na ukingo, la kahawia, chai au damu, sabuni imelishindwa, "Lirudi kwenye maji?" "Limerudi mara ngapi, haliendi, kunjia ndani, msimamizi huangalia la juu tu," na mikono yake ikafanya kabla hajaiambia, ikageuza ukingo, ikapitisha doa chini, ikasawazisha kwa kiganja, nadhifu, kazi aliyofundishwa tangu akiwa mdogo katika chumba hiki, akautazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine, wakasogeleana, pembe kwa pembe, uso wa mama karibu kabisa, "Mama," "Ehe?" na mama akangoja, kweli akangoja, bado ana lile cheko pembeni mwa mdomo, "Hapana, nilidhani limechanika," "Halijachanika, ni zima hili," mama akalichukua, akaliweka juu ya mengine, likawa jeupe kama yote, akavuta jingine kutoka kwenye kikapu, akalikung'uta, akamrushia upande wake, "Shika," akashika.