Mikono ya Hilari

Pudensiana alikwenda kwenye onyesho la filamu na kundi lake zima: akina mama tisa wa kwaya, pamoja na Hadia mwenye duka la nguo. Aliwaambia neno moja tu. "Nyie msinyanyuke mapema. Subirini majina."

Maana watu wa Mpanda aliwajua. Filamu ikiisha tu, huyu anatafuta kandambili, yule yuko mlangoni. Nani amewahi kukaa kusoma majina? Lakini safari hii jina lilikuwa lake, na alilitolea jasho.

Mumewe Hilari ni mchoraji, hilo halina ubishi. Ila miaka minne iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia, na tangu siku hiyo mkono ule haushiki hata kijiko. Picha hazikukoma. Pudensiana ni binti wa kijijini Mwese, kakua akisiriba nyumba ya mama yake kwa udongo mwekundu na mweupe. Basi alivuta kigoda akaanza kuchora yeye. Rangi ya kwanza huipaka kwa kiganja kitupu, kwa kuzungusha, vilevile wanavyosiriba ukuta kwao, ndipo brashi ifuate. Mwanzoni Hilari alikaa kando akisema "hapo ongeza, hapo acha". Siku hizi hata hilo hasemi. Pembeni ya picha linaandikwa jina la Hilari. Sawa, ndoa ni ndoa, hakuwahi kulalamika.

Mwezi wa sita akaja Naseeb kutoka Dar, na kamera zake, kutengeneza filamu ya maisha ya Hilari na namna anavyofanya kazi. Siku nane walishinda pale nyumbani kwao, mtaa wa Nsemulwa. Kuongea Hilari aliweza, tena sana! Ilipofika kuchora, wakabaki wanaangaliana.

"Mama, tupige mikono yako tu," Naseeb akasema. "Sura haitaonekana. Mwishoni tutaandika jina lako na kazi uliyofanya."

"Jina langu kamili?"

"Kamili kabisa, mama."

Akakubali. Akavua bangili, akavaa shati la mumewe, akachora siku tatu jua likimchoma mgongo. Mchana aliacha brashi akawapikia wali na kuku wake mwenyewe, maana wale watu wangekula wapi?

Sasa ukumbini mikono yake ilijaa kitambaa chote cheupe cha mbele, mpaka kovu la sufuria kwenye dole gumba lilionekana. Sauti ikasema, "Kiharusi kilimwangusha Hilari, lakini mikono yake ilikataa kufa." Makofi! Hilari, kwenye kiti cha mbele, akainamisha kichwa kwa adabu.

"We Mama Sixte," Hadia akamnong'oneza Pudensiana kwa jina la mwanawe, "kovu lile si lako?"

"Subiri majina."

Wakasubiri. Likapita la mpiga kamera, la fundi wa sauti, hata la dereva. La mwisho kabisa likaja: *Chakula: Mama Sixte.* Taa zikawashwa.

Mama mmoja wa kwaya akapiga kigelegele, maskini, akidhani ndilo walilokuja kuona. Pudensiana alitamani ardhi ipasuke. Akamfuata Naseeb mlangoni.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Kijana akababaika. "Mama, mimi niliandika kama tulivyokubaliana. Mzee ndiye alinipigia simu nibadilishe. Alisema mmeongea nyumbani, wewe mwenyewe hutaki."

Mmeongea! Miaka minne ya mgongo kuuma, na mtu aliyemfutia jina ni yule ambaye yeye humfunga vifungo vya shati kila asubuhi.

Kesho yake Hilari aliamka na furaha zake. "Mama Sixte, mambo yameiva! Wageni wa jana wanataka picha sita kabla ya mwezi kuisha. Hebu saga udongo wa rangi tuanze."

Akausaga. Akauchekecha, akaukoroga vizuri, akamwekea bakuli mapajani. Kisha akachukua brashi, akaiweka kwenye ule mkono wa kulia. Vidole havikufumba. Brashi ikateleza, ikaanguka sakafuni, na Hilari akamwangalia mkewe aiokote.

Hakuiokota.

"Mimi wa chakula," Pudensiana akasema. "Leo kuna maharage. Utakula sasa hivi, au mpaka umalize kuchora?"