Oili ya Sitini

Pale gereji wananiita Fundi Nzito, na si kwa ajili ya tumbo, ingawa tumbo ninalo. Ni kwa ajili ya oili. Miaka ishirini na tano nimewaimbia wateja wimbo mmoja: weka oili nzito, injini itakushukuru. Gari linapiga kelele? Nzito. Linatoa moshi? Nzito. Marehemu baba alinifundisha kuipima kwa kidole gumba na cha shahada: ukiisugua ikateleza haraka, hayo ni maji, usimwekee mtu. Nikaamini hivyo, na aliyebisha nilimfokea mpaka akajuta kuja.

Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, hakuwa mtu wa vidole. Alikuwa mtu wa vipimo. Alikuwa na maikrometa yake ya kupimia unene wa chuma, anaifuta kwa kitambaa laini kama anamfuta mtoto pua, basi mafundi wenzetu wakambatiza Maikro. Kazi nilimfundisha mimi, tangu kufungua nati. Halafu akanipita. Hilo ndilo sikuweza kulimeza.

Siku moja daktari wa meno, mpenda mashindano ya magari ya kupanda mlima, alituletea gari lake la mbio. Injini silinda sita, ikizunguka mpaka unaogopa kusimama karibu. Injini za aina ile zilikuwa na ugonjwa wake: beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zinalika mapema. Alikuja kwangu kwa kuwa gereji ni yangu, lakini alipoongea na Maikro nusu saa, akanigeukia, akasema kwa adabu zote kwamba angependa mdogo wangu ndiye aifunge upya. Nikajikaza, nikacheka. Roho iliniuma.

Maikro aliifunga kwa wiki tatu. Alinieleza alichofanya, tena kwa upole, maana ananijua. Beringi na krenki hazigusani, alisema. Kati yake pana nafasi nyembamba kuliko unywele, na humo ndimo oili inamokaa. Yeye ameiacha nafasi hiyo ndogo sana. Oili nzito, injini ikiwa ya baridi, itajivuta kuingia, na kabla haijafika chuma kitakuwa kinasaga chuma. Kwa hiyo kachagua nyepesi, tano arobaini, inayowahi kufika na ikipata moto bado inabeba mzigo. Akamwambia daktari asubuhi awashe, asubiri dakika mbili, kisha aondoke. Daktari akaandika "dakika mbili" kwenye karatasi na kuibandika kwenye dashibodi.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mashindano, Maikro alikwenda kumchukua binti yake shuleni. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikasugua kwa vidole. Maji. Nikalisema kwa sauti, peke yangu. Hivi niliogopea injini ya watu? Kidogo, ndiyo. Ila zaidi nilitaka gari lishinde likiwa na oili yangu, nije nimwambie mdogo wangu, unaona? Huo ndio ukweli, na ni aibu. Nikafungua nati ya chini, nikaimwaga oili yake mpya kabisa kwenye ndoo safi, nikajaza kumi sitini, ile nzito yangu, mpaka alama ya juu. Ile ya kwake nikaitia kwenye pikapu yangu, na pikapu haijalalamika mpaka leo.

Aliporudi, binti yake akanisalimia, "Shikamoo, baba mkubwa." Nikaitikia huku najifuta mikono. Ningeweza kusema wakati ule. Nilijitia hamnazo.

Jumamosi asubuhi kule mlimani baridi ilikuwa kali, ukisema neno unaona mvuke. Daktari akawasha gari, akasubiri dakika mbili kwa saa, akaondoka kwa nguvu zote kama alivyoambiwa. Nami nimesimama pale, najua kwamba oili niliyoweka, kwa baridi ile, inataka dakika kumi. Nilijua. Nikajiambia haitatokea kitu. Kona ya nne tukaisikia injini ikigonga, halafu mlio mmoja wa kupasuka. Kongrodi, ule mkono unaoshika pistoni, imetoboa ubavu wa injini na oili yote imemwagika barabarani. Daktari alitoka mzima, Mungu ashukuriwe.

Jumatatu Maikro akaifungua. Beringi zilikuwa zimelika mpaka shaba ya ndani inaonekana, nyingine zimejikunja. Akazipanga mezani, akajaribu kuzipima, lakini vitu vilivyoungua vile havipimiki. Akaketi juu ya tairi.

"Kaka," akaniuliza, "oili ilikuwa ileile niliyoweka mimi?"

Mimi, mwenye mdomo wa kufokea wateja, nikainamia boksi la spana.

"Ileile," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akasema basi alikosea kupima. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti kila fundi huumbuka siku moja. Tena nikaongeza kwamba safari nyingine awe anasikiliza wakubwa zake. Jamani, niliyatamka hayo kwa mdomo huu.

Safari nyingine haikuwepo. Alikwenda kumwomba radhi daktari, akarudi, akagawa vifaa vyake. Maikrometa akampa mwalimu wa chuo cha ufundi. Akapata kazi kwenye duka la vipuri, nyuma ya kaunta. Shemeji, mke wake, aliwahi kuniambia kwamba hata bomba la jikoni likivuja anaita mtu, anasema mikono yake haiaminiki. Mikono ile! Miaka sita tukikutana kwa mama nafungua mdomo, naufunga. Kila mwaka ulivyopita neno lenyewe lilizidi kuwa gumu, maana sasa ilibidi nikiri na ule ukimya.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwake kununua filta. Mbele yangu alikuwepo mwanamama mwenye gari la mbio, akamwuliza aweke oili gani. Maikro akamwambia yeye huuza tu, hashauri.

"Lakini una bahati," akasema. "Huyo nyuma yako ni kaka yangu, muulize yeye. Mimi niliwahi kuua injini ya mtu kwa kujifanya najua."

Hakuwa ananikejeli. Angenikejeli ningevumilia. Alikuwa ananisifu, ananitazama kwa heshima, na mwanamama wa watu kanigeukia anasubiri jibu.

"Haikuwa ileile," nikamwambia Maikro. "Nilimwaga yako, nikaweka kumi sitini."

Maikro alikuwa ameshika kopo la oili. Akaliweka chini taratibu.

"Lini?"

"Ijumaa ile. Ulipomfuata mtoto shule."

Midomo ikamcheza kama mtu anayepiga hesabu.

"Kwa hiyo nilipima sawa."

"Ulipima sawa, mdogo wangu."

Nilitamani aruke kaunta anipige. Nilikuwa tayari, hata mikono sikuiinua. Hakuruka.

"Ungeniambia Jumatatu ile, kaka," akasema, "ningekununia mwezi mmoja, yakaisha."

Kisha akamgeukia mwanamama, akamwuliza injini yake iliwahi kufunguliwa, nani aliifunga, aliacha nafasi kiasi gani kwenye beringi, na asubuhi huwa analiwasha penye baridi gani. Aliuliza yote, akasikiliza yote, na mwisho akamchagulia oili. Mwanamama akashukuru, akaondoka. Nikasogea mbele, zamu yangu, na Maikro akamwita mwenzake aje anihudumie.