Pua ya Kuazima

Zachary Ngige alifikisha miaka hamsini na tisa bila kumenya kitunguu. Hakujigamba kwa hilo, wala hakuwahi kulionea haya. Ilikuwa hivyo tu. Nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Kitale, yeye alikuwa mtu wa shamba na ng'ombe, mkewe Rosaline mtu wa jiko, na maisha yalikwenda. Mpaka Rosaline alipougua.

Ilikuwa saratani. Walikwenda Eldoret na kurudi mwaka mzima. Dawa zilimnyoa nywele zikamwacha mwepesi kama ganda la hindi, lakini mwishowe daktari akasema ugonjwa umeshindwa nguvu, kilichobaki ni mama ale apate damu. Kula ndiko kulikomshinda. Vidonda vya mdomoni vilikuwa vimepona, ila ulimi ulikuwa kama si wake. Uji, maziwa, mukimo, kuku aliyechinjiwa na jirani yao Wilkista, vyote alisema vina ladha moja tu, ladha ya kulamba bati. Alikula vijiko viwili kwa heshima ya aliyepika, kisha akaisukuma sahani polepole, kama mtu anayeomba radhi.

Alasiri moja walikuwa wameketi nje wakiota jua, Rosaline amejifunga leso kichwani, akasema bila kumtazama:

"Baba Wahu, unakumbuka ule mchuzi wa Bungoma?"

Angeusahau vipi? Binti yao Wahu alipokuwa akisoma Kimilili, kila walipokwenda kumtembelea shuleni hawakurudi nyumbani moja kwa moja. Waliteremka hadi Bungoma, wakaingia katika hoteli moja karibu na stesheni ya reli, wakaagiza kuku wa mchuzi wa Kihindi na chapati. Walikula bila haraka, wakichekeana kama wachumba, watu wazima wenye mtoto wa sekondari. Hiyo ndiyo iliyokuwa anasa yao, na hawakumwambia mtu.

"Huo naona ningeuonja," Rosaline akasema. "Hata kijiko kimoja."

Tangu augue, hilo lilikuwa jambo la kwanza la kuliwa alilolitaja mwenyewe. Kesho yake asubuhi, maziwa yalipokwisha kuchukuliwa, Zachary aliwasha pikapu yake akashika njia ya Bungoma.

Hoteli haikuwepo. Mahali pake palikuwa na duka la simu, na kijana wa dukani hakujua kulikuwa na nini hapo awali. Mwendesha bodaboda mmoja mwenye mvi ndiye aliyemwokoa.

"Ule mchuzi? Si alikuwa anapika mzee Shafi! Anakaa huko nyuma ya msikiti. Lakini siku hizi hapiki, bana. Usiende na sufuria."

Mlango ulifunguliwa na binti wa mzee, Mulki, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimkaribisha mgeni, akamletea chai kabla hata ya kumuuliza shida yake. Mzee Shafi alikuwa ameketi karibu na redio, mtu mrefu, mkavu, kofia nyeupe kichwani, mikono imejaa makovu madogo ya mafuta ya moto. Alimsikiliza Zachary mpaka mwisho. Akazima redio.

"Pole sana, ndugu yangu, na mama Mungu ampe shifaa. Lakini umekuja kuchota maji kwa kisima kilichokauka." Akagusa pua yake. "Hii imekufa. Ule ugonjwa wa korona ulipopita hapa uliniachia roho, ukachukua pua. Sisikii harufu ya kitu. Karafuu na vumbi, kwangu ni mamoja. Mimi nilifunzwa kazi na Mhindi mmoja Kisumu, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: mpishi ni pua, mikono ni vibarua tu. Sasa mimi nimebaki na vibarua bila tajiri."

"Tangu hapo hajashika mwiko," Mulki akaongeza, akiwa amesimama mlangoni. Alilisema kama mtu anayetaja msiba.

Zachary aligeuzageuza kikombe mkononi. Alikuwa amekuja kuomba apikiwe, si zaidi. Lakini kurudi mikono mitupu hakukuwezekana.

"Mzee, pua mimi ninayo. Ng'ombe akianza kuugua namnusa kabla hajaacha kula. Kitu sina ni akili ya jikoni. Si wewe uniambie, mimi ninuse?"

Mzee Shafi aliitazama mikono ya mgeni.

"Umewahi kupika nini?"

"Ukweli?"

"Ukweli."

"Sijawahi, mzee. Hata chai huwa naletewa."

Mulki aliingia ndani haraka, na kicheko chake kikasikika kutoka upande wa pili wa ukuta. Mzee naye midomo ilimcheza. Akainuka, akakunja mikono ya kanzu.

"Basi njoo. Anayeanza na ujinga mtupu ni rahisi kumfunza kuliko mjuaji."

Hivyo ndivyo Zachary Ngige alivyoanza kwenda Bungoma kila alipopata nafasi, akifunzwa jikoni huku amevaa aproni ya Mulki yenye maua. Siku ya kwanza hakupika mchuzi wowote. Alimenya vitunguu. Alipomaliza rundo moja mzee alimwekea lingine. Akaambiwa avichemshe pamoja na karoti kidogo, nyanya, tangawizi, vitunguu saumu na kijiko cha manjano, moto wa chini, mpaka kila kitu kilegee kama mtu aliyesamehe. Kisha vyote vikasagwa katika blenda vikawa rojo laini la rangi ya dhahabu.

"Huyu jikoni tunamwita mama," mzee akasema. "Watu wanadhani mpishi wa hoteli anaanza upya kila sahani ikiagizwa. Angemaliza saa ngapi? Mama anapikwa asubuhi, anakaa pembeni, na michuzi yote ya siku inazaliwa kwake."

Zachary akalionja rojo, akakunja uso. "Halina utamu, mzee."

"Ndiyo. Mama hana makuu. Subiri awekwe kwenye moto."

Moto wenyewe ndio uliomtisha. Mzee alitaka karai liwe la moto mpaka mafuta yatetemeke. Tangawizi na saumu, halafu viungo vya unga, halafu nyanya nzito, halafu upawa mmoja wa mama, na hapo karai lote linafoka na kurusha cheche za mchuzi hadi ukutani. Mara ya kwanza Zachary aliruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Rudi!" mzee akapaza sauti. "Ukiuogopa moto, utapika mchuzi wa nyumbani. Mama Wahu hakukutuma mchuzi wa nyumbani."

Na kwa kuwa hakuweza kunusa, mzee alifunza kwa masikio na macho. Alifumba macho akasikiliza karai. "Hapo bado ni maji yanayolia. Ngoja. Sasa sauti imenenepa, umesikia? Mafuta yametengana na mchuzi. Tia upawa wa pili." Na kila hatua ilipofika aliuliza swali lilelile, sauti yake ikishuka kidogo: "Inanuka vipi?"

Zachary hakuwa na maneno ya wapishi. Alikuwa na maneno yake. Bizari nyembamba ikikaangwa alisema inanuka kama ghala siku unapolifungua baada ya mahindi kukauka. Dania ya unga ilikuwa kama nyasi zilizokatwa jana. Viungo vilipokaribia kuungua, alisema, "Sasa inauma puani, kama gunia likishika moto," na mzee akasema haraka, "Toa! Toa karai!" Wakaokoa sahani hiyo. Mara nyingine mzee aliyarudia maneno hayo kimyakimya, nyasi zilizokatwa jana, akitikisa kichwa, kama mtu anayesomewa salamu kutoka kwa ndugu aliye mbali.

Siku moja Zachary alimaliza karai zima bila kukemewa. Alisugua majani makavu ya uwatu katikati ya viganja, yakaangukia juu ya mchuzi, akatia garam masala kidogo na malai, utandu wa maziwa aliyokuja nayo kutoka kwa ng'ombe wake. Akafunika. Akafunua.

"Inanuka vipi?" mzee akauliza.

Zachary aliinama juu ya karai, akanusa tena. Mzee akauliza tena, na alipogeuka alimkuta mgeni wake amesimama na kifuniko mkononi, amefumba macho.

"Inanuka kama sweta ya Rosaline," Zachary akasema hatimaye. "Tukitoka hapo hotelini, jioni, tukirudi nyumbani. Gari lote lilikuwa linanuka hivi."

Mzee Shafi aliweka mkono begani kwake, akauacha hapo.

"Ndiyo huo," akasema. "Nenda ukampikie."

Jumapili iliyofuata, Zachary alimfukuza Wilkista jikoni kwa adabu, akaweka karai lake jipya kwenye gesi. Rojo la mama alikuwa amekwisha kulipika jana yake. Rosaline aliletewa kiti akakaa mlangoni, blanketi magotini, akimtazama mume aliyeishi naye miaka thelathini akimenya kitunguu saumu kwa ncha ya kisu, ulimi nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kisha ikaharibika. Gesi ya nyumbani haikuwa kama ya Mulki, au labda ni woga. Viungo vilishika chini, vikawa vyeusi kabla hajanyoosha mkono kuchukua upawa, moshi mchungu ukajaa jiko. Zachary alilitupa karai nje kwenye nyasi, kuku wakatawanyika wakipiga kelele, naye akabaki amesimama uani na aproni, machozi ya moshi yakimtoka.

Nyuma yake akasikia sauti ya kukohoa. Aligeuka kwa hofu. Rosaline hakuwa anakohoa tu, alikuwa anacheka. Alicheka mpaka leso ikamteleza kichwani, na nywele zake mpya, fupi na laini kama za kifaranga, zikaonekana. Ilikuwa miezi mingi tangu Zachary asikie kicheko hicho.

"Baba Wahu," akasema akijifuta macho, "si umpigie mwalimu wako?"

Akampigia. Mzee Shafi hakuuliza mengi. "Osha karai. Anza upya. Simu iweke karibu na moto nisikie."

Rosaline ndiye aliyeishika simu, mkono wake mwembamba ameunyoosha kuelekea karai. Sauti ya mzee ilitoka humo nyembamba lakini kali: "Punguza moto. Zaidi. Hapo. Sasa viungo... koroga, koroga... tia upawa wa mama, haraka! Vizuri. Usiguse. Acha alie." Wote wawili walinyamaza wakisikiliza karai, na kule Bungoma mtu wa tatu alikuwa amenyamaza akisikiliza pamoja nao. Mchuzi ulichemka, ukatulia, sauti ikanenepa. "Umesikia?" mzee akauliza. "Nimesikia," Zachary akajibu, na kwa kweli alikuwa amesikia.

Alipakua kidogo, vipande viwili vya kuku na mchuzi, pilipili karibu hakuna, kama muuguzi alivyoagiza. Chapati zilikuwa za Wilkista. Rosaline alikata kipande, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna taratibu. Zachary alitazama koo lake mpaka alipomeza. Uso wake haukuonyesha kitu. Akachovya tena, akatafuna tena, paji la uso limekunjana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Chumvi imepungua," akasema.

Zachary alishika ukingo wa meza.

"Amesema nini?" simu ikauliza. "Ngige! Mama amesema nini?"

"Amesema chumvi imepungua, mzee."

Huko Bungoma mzee akamrudia Mulki maneno hayo. Halafu mzee akasema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi," na Mulki akasikika nyuma yake akilirudia neno hilo kwa shangwe.

Rosaline aliomba chumvi. Akaitia mwenyewe, akaonja, akaongeza chembe, akaonja. Hakumaliza sahani. Lakini alikula vipande vyote viwili vya kuku, akapangusa mchuzi kwa chapati, na alipoisukuma sahani mbele hakuonekana kuomba radhi.

Isidhaniwe kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka tu. Kulikuwa na siku ambazo bati lilirudi mdomoni, na Zachary akala mchuzi wake na Wilkista tu. Lakini siku za namna hiyo zilikwenda zikipungua. Huko Bungoma, Mulki alianza kusimama karibu na babake mbele ya karai, akimwambia harufu kwa maneno yake mwenyewe, na watu wa mtaa wao wakaanza tena kumwita mzee Shafi kwenye harusi. Msimu wa kupanda ulipokaribia, baba na binti walikuja Kitale kumjulia hali Mama Wahu. Walimletea mbegu za uwatu zilizofungwa katika karatasi, kwa kuwa mzee alisema udongo mzuri kama huu usipopanda uwatu ni dhambi.

Rosaline alizipanda nyuma ya jiko, mistari miwili, kwa mikono yake. Mvua zilipoanza alikuwa huko karibu kila siku, akipalilia kwa kijembe kifupi, akipumzika kila baada ya hatua chache, akiendelea.

"Mama Wahu!" Zachary alimwita mchana mmoja kutoka mlango wa jiko, aproni kiunoni. "Chakula kiko tayari. Njoo kabla hakijapoa."

"Nakuja," akajibu bila kuinua kichwa. "Wacha nimalize huu mstari."

Zachary akarudi ndani, akalifunika karai, akapunguza moto, akakaa kumngoja.