Uzi Mwekundu wa Stoimenka

Tanuri la Dafina lilianguka mara ya tatu mchana kweupe, bila mtu kuligusa. Yeye alikuwa mlangoni na beseni la unga mikononi. Aliuona ukuta wa nyuma ukilegea taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa kuchoka, kisha matofali yakamwagika sakafuni.

"Haki ya Mungu, fundi, mara hii umetia udongo au uji?" alifoka.

Fundi Rangel alikuwa amejenga nusu ya matanuri ya mji wa Madan, na hakuzoea kufokewa. Lakini siku hiyo hakukasirika. Alifuta mwiko wake, akautia mfukoni. "Ukuta wako hauna mtu, binti," alisema. "Waulize wenzako wenye maduka." Akaenda zake.

Dafina alikuwa ameshaacha kazi ya cherehani kiwandani. Mume yuko Ujerumani na familia nyingine, na huyo tusimzungumzie, atatuharibia siku bure. Alichobaki nacho ni binti yake Mirka, wa miaka sita, na kile chumba cha duka alichopewa kwa sharti moja: tanuri liwe linawaka ifikapo Siku ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, ambapo mikataba yote huvunjwa na kufungwa upya. La sivyo, chumba kinapewa mwingine. Alitaka kuoka klin ya mama yake, chapati mbili pana zenye wali na jibini katikati. Tangu Mirka azaliwe hakuwahi kutaka kitu kwa ajili ya nafsi yake. Hiki alikitaka mpaka usingizi ukamhama.

Basi akajikaza. Akapaka rangi ya mdomo, akamshika Mirka mkono kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, wakaenda kwenye kikao cha wanawake wafanyabiashara katika ukumbi wa jumba la utamaduni. Walipokewa vizuri ajabu.

"Huyu ndiye wa klin? Jamani, nishaanza kunenepa!"

"Karibu, mdogo wangu, kaa hapa kwangu. Kahawa au chai?"

Kadi zikatoka mikobani. Huyu anamjua muuza unga, yule ana binamu mwenye gari la mizigo. Mwenye hoteli akasema wageni wake watakula klin kila asubuhi, hata wasipotaka. Dafina alicheka mpaka akasahau mabega yaliyomuuma tangu kiwandani. Kumbe kuna wanawake walioanza kama yeye, mikono mitupu, na wakafika! Akauliza lile lililomleta.

"Dada zangu, nyie mlianzaje? Mimi ukuta unanikataa."

Vikombe vikasimama njiani. Mwenye hoteli akainamia sahani yake. Aliyejibu ni mwenyekiti wao, Stoimenka, mama wa makamo mwenye mkahawa mkubwa kuliko yote mjini.

"Wangu pia ulinikataa," alisema kwa upole. "Kisha nikatoa, ukasimama. Kila mtu hapa ametoa, mwanangu."

"Mmetoa nini?"

"Usiwe na papara. Nitakusaidia." Akamgeukia mtoto. "Na huyu mrembo nitamshonea aproni ya siku ya ufunguzi. Njoo dirishani, bibi akupime."

Akatoa uzi mwekundu wa sufu. Jua la Oktoba lilikuwa limeinama, likaingia mpaka katikati ya ukumbi. Dafina aliona kwa pembe ya jicho kwamba yule mama amepiga magoti, na uzi anauvuta sakafuni, si mwilini mwa mtoto. Aliona. Lakini hapohapo mwenye hoteli alikuwa anamtajia namba ya simu, na mteja wa kwanza ni mteja wa kwanza. Akaandika namba.

Walirudi kwa njia ya madukani. Kwenye mlango wa kila mwanamke wa kile kikao palikuwa pamebandikwa tanzia, picha na jina la marehemu, ya karatasi mpya isiyopauka bado. Mkahawani alikuwa Ognyan, mwana wa Stoimenka. Hotelini, dada wa mwenye hoteli. Madan nzima milango ina tanzia, hubandikwa upya kila mwaka, nani husimama kuzisoma? Mirka ndiye aliyesimama.

"Mama, hawa ndio wanaolinda?"

"Ni marehemu, mama. Twende, baridi."

Kesho yake fundi Rangel alirudi bila kuitwa. Alijenga kimya siku nzima, na mara hii ukuta ukasimama, wima, mgumu, hata nyufa za siku ya kwanza hazikutokea. Dafina alimrukia akambusu mashavu yote mawili. Fundi hakumtazama usoni.

Kuanzia hapo Mirka akawa anasikia baridi. Chakula alikisukuma, michezo aliiacha. Kutwa alikaa ameegemea ukuta wa tanuri, na tanuri lenyewe lilikuwa halijawashwa.

"Toka hapo, utapata mafua."

"Ukuta una joto, mama. Na unanijua jina."

Dafina akamnyanyua akamtoa pale. Akampeleka kwa daktari, daktari akasema mtoto anakua tu. Juani, kivuli cha Mirka kilikuwa kimefifia kama doa la chai lililofuliwa. Nikwambie ukweli, mama yake alikiona. Woga alikuwa nao, tele, ila aliufunika kwa kusugua masinia na kupiga simu. Alijiambia akishafungua duka tu, atatulia amwangalie mtoto vizuri.

Siku ya Mtakatifu Dimitri watu wakajaa dukani tangu asubuhi. Mwenye chumba alikuja na mkataba wake kushuhudia tanuri likiwashwa, fundi Rangel akasimama pembeni na kofia kichwani, wanawake wa kikao wakaja na maua. Stoimenka akaleta kifurushi. Dafina akafungua, akamvisha Mirka aproni nyeupe, nzuri, yenye mshono mwekundu. Pindo likaburuzika sakafuni, na bado likabaki refu la kukunjwa. Ilikuwa ndefu kuliko Dafina mwenyewe.

"Mama Stoimenka, umemshonea mtoto au nguzo ya umeme?" mtu alitania, wakacheka wote.

Dafina naye alicheka, kisha akalitazama lile pindo. Yale magoti. Ule uzi sakafuni. Lile jua la jioni lililorefusha kila kitu. Aproni ile ilikuwa na kipimo cha kivuli. Bibi yake alikuwa akimkataza kupita karibu na mafundi jua linapoinama, maana hupima kivuli chako kwa uzi, uzi wakaujengea ukutani. Ukuta husimama. Mwenye kivuli hafikishi siku arobaini, na akifa hukaa humo kuulinda.

"Fundi," alisema, "umetia nini kwenye ukuta wangu?"

Rangel akavua kofia. "Mama Stoimenka aliniletea uzi, akasema umekubali. Nilidhani unajua."

"Ningekwambia ungekataa, ungebaki huna kitu," alisema Stoimenka, na alisema kwa mapenzi, hilo ndilo lililotisha. "Mimi nilikuja kujua tukiwa tumeshamzika Ognyan. Fundi huyuhuyu, maneno hayohayo. Nikalia, nikanyamaza. Kilichoingia ukutani hakitoki, mwanangu. Utamzoea. Wangu namsikia kila asubuhi nikifungua mlango."

"Mshenzi we!" Dafina akachukua nyundo ya fundi.

"Ukibomoa, mkataba hakuna," alisema mwenye chumba.

Dafina akapiga. Mirka akapiga kelele na kushika ubavu. Mama mtu akaganda, nyundo juu, machozi yakimtiririka, hajui kama anaokoa au anaua. Kutoka ndani ya matofali kikasikika kitu kikivuta pumzi, polepole, kwa sauti ndogo ya kitoto.

"Piga, mama," alisema Mirka.

Akapiga. Akapiga tena na tena mpaka tofali likaruka, akatia mkono, akaukuta uzi. Ulikuwa na joto, na ulimkatalia kidogo alipouvuta. Ulipotoka wote, ukuta ukaanguka, na safari hii ukaanguka kwa kishindo, kama ukuta wowote.

Akambeba mtoto mpaka nje juani, akamsimamisha, akaulaza uzi miguuni pake. Kisha kivuli cha Mirka kikaanza kukolea, kuanzia viatuni, mpaka kikawa cheusi kizima.

"Nina njaa," alisema Mirka.

Dafina akakaa kizingitini akamkumbatia, akilia kwa sauti bila kuona haya. Mwenye chumba alikunja mkataba wake akaondoka. Duka lilikuwa limekwisha kabla halijaanza, na wanawake wa kikao walikuwa bado wamesimama na maua yao, kila mmoja akiutazama ule uzi.

"Kumbe unatoka," alisema Stoimenka.

Aliinama akaiokota nyundo, akaenda nayo barabarani bila koti, kwanza akitembea, kisha akikimbia. Mirka alikuwa ameanza kula kipande cha klin aliyoletewa na jirani wakati nyundo iliposikika kutoka mkahawani, ikipiga ukuta bila kupumzika. Mwenye hoteli akaweka maua yake chini.

"Fundi," alisema, "una nyundo nyingine?"