Kesi ya Ndizi za Gesima

Mwaka jana nilifungua kesi yangu ya kwanza ya kimataifa. Nasema ya kwanza kwa mazoea tu ya mawakili. Ya pili haijaja.

Naitwa Lewis Omwenga. Ofisi yangu iko mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo wateja wangu hufika wakinukia dawa ya kupe. Kwa miaka kumi na moja nimeishi kwa viapo, talaka chache, na mashamba ambayo ndugu hugombania mpaka upana wa unyayo. Ni kazi ya heshima, lakini si ya kujigamba nayo mbele ya watu niliosoma nao. Wao siku hizi huandika mtandaoni kwamba wametua Kigali kwa mkutano. Mimi siku hizo nilikuwa nimetua Keroka.

Basi unaweza kuelewa furaha yangu Mama Haron alipoingia akasema anataka mkataba na mtu wa Tanzania.

Jina lake hasa ni Lorna Mokeira. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili wa Gesima, kule Nyamira, wanaolima chai na ndizi. Kwenye maonyesho ya kilimo alikuwa amekutana na mfanyabiashara wa Musoma anayeitwa Magesa. Magesa alionja ndizi zao ndogo tamu, akafumba macho, akaonja tena, akasema anazitaka kila wiki. Wakapeana namba za simu na kukubaliana kwamba kiasi na bei viandikwe na wakili ili pasiwe na maneno baadaye.

Mama Haron alinieleza kila kitu kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Nilimwelewa vizuri kabisa. Kikundi kingeweza kutoa chane mia tatu kila Jumanne, bei kwa kilo. Chane, kwa asiyelima, ni lile tabaka moja la ndizi zilizoshikana, kama vidole vya mkono. Chane kadhaa kwenye kikonyo kimoja, jinsi zinavyotoka mgombani, ndiyo mkungu.

Nilijua tofauti hiyo tangu utotoni, kwa Ekegusii. Kwa Kiswahili nilikuwa na maneno mawili kichwani na nikayatazama kama mtu anayechagua tai. "Chane" niliona halina uzito. Lilinikumbusha kuchana nywele. "Mkungu" ndilo lilikuwa neno! Lilisikika kama kitu ambacho majaji wangeweza kukijadili. Nikaandika: mikungu mia tatu kila Jumanne.

Sikuishia hapo. Mkataba wa kimataifa ulihitaji kifungu cha migogoro, nami sikuwahi kuandika kimoja. Nikatafuta mtandaoni nikapata kizuri mno, cha kampuni fulani za mafuta, nikakitafsiri chote. Damaris, katibu wangu, alipokuwa akikipiga chapa alisimamisha vidole.

"Wakili, kifungu cha kumi na nne kinasema wakikosana waende Geneva."

"Ndiyo."

"Wakaamuliwe na watu watatu, kwa Kifaransa."

"Ndivyo mikataba ya nje inavyoandikwa, Damaris."

Aliendelea kupiga chapa. Damaris ana namna ya kunyamaza ambayo ningeilipia kodi kama ingetozwa.

Mkataba ukatiwa sahihi. Jumanne ya kwanza Magesa alituma lori aina ya Fuso kutoka Musoma, likapita mpaka wa Sirari na Isebania, likapanda mpaka Gesima. Akina mama walikuwa wamepanga chane zao mia tatu kwenye kreti, zimefutwa umande, nzuri kama za kuchora. Dereva akatazama kreti, akatazama lori lake, akauliza nyingine ziko wapi. Akaambiwa ndizo hizo. Akampigia simu tajiri wake, akasikiliza kidogo, akageuza lori akarudi mtupu.

Mama Haron alifika ofisini kwangu baada ya siku tatu, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda vitani.

"Amenidhalilisha mbele ya kikundi chote," alisema. "Kupitia dereva wake anasema tumemtapeli. Sisi! Ndizi zimeivia pale, nusu tumewapa watoto wa shule na nusu ng'ombe. Wanawake wengine wanasema labda mimi ndiye niliyekula njama naye. Wakili, si nimpigie tu simu nimuulize ana shida gani?"

Sasa nataka msomaji asome jibu langu polepole, maana hakuna siku nimewahi kulipwa kwa ushauri mbaya zaidi.

"Usimpigie kabisa," nilisema. "Na akipiga usishike. Kuanzia leo kila neno lipitie kwa wakili."

Magesa alimpigia mara tatu wiki hiyo. Mama Haron, mwanamke mtiifu, aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Magesa naye akaona huyo ni tapeli anayejificha, akawatahadharisha wafanyabiashara wote wa mpakani dhidi ya akina mama wa Gesima. Mimi nikafungua kesi katika mahakama ya Kisii. Kumpelekea mtu aliye nchi nyingine hati ya kuitwa kortini kunahitaji ruhusa ya mahakama, nami niliomba ruhusa hiyo kwa kurasa thelathini na moja. Nilipoipata nilinunua suti.

Siku ya kutajwa kwa kesi Magesa alikuja mwenyewe, bila wakili. Nilitarajia jambazi. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia mkononi, aliyemsalimia kila mtu kwenye benchi, mimi pia. "Habari za asubuhi, ndugu wakili. Poleni na kazi." Nilimjibu kwa kichwa tu, kama nilivyodhani mawakili wa kimataifa hufanya.

Hakimu alikuwa mwanamke asiyependa kupoteza wakati. Alifungua mkataba, akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma.

"Bwana Omwenga, nani aliandika hati hii?"

"Ofisi yetu, Mheshimiwa."

"Ofisi yenu ina watu wangapi?"

"Wawili, Mheshimiwa."

"Na kifungu cha kumi na nne alikiandika yupi kati ya hao wawili?"

Niligeuka nyuma. Damaris, aliyekuwa amebeba faili, alikuwa akisoma ilani ya ukutani kwa makini sana.

Hakimu alimweleza Magesa kwamba ana haki ya kusisitiza mgogoro uamuliwe kama mkataba unavyosema. Magesa akasimama, akageuza kofia.

"Mheshimiwa, mimi Geneva naisikia redioni. Na Kifaransa sijui hata salamu. Kama mama huyu atakubali tuzungumze hapahapa, nitashukuru. Nimekuwa nikitaka kuzungumza naye tangu siku ya kwanza, hapokei simu."

Mama Haron alinitazama. Sitaki kueleza namna alivyonitazama.

Pande zote mbili zikakubali kukiacha kifungu kile, na hakimu akatupeleka kwenye upatanishi, palepale mahakamani, katika chumba chenye meza ya duara. Mpatanishi alikuwa Bi. Abigael, mwalimu mstaafu. Alinikaribisha, kisha akaniambia kwa upole kwamba mawakili huzungumza mwisho. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya robo saa kuhusu mgongano wa sheria za nchi mbili. Iko bado, kama kuna anayeihitaji.

"Nieleze ulitarajia lori lirudi na nini," Bi. Abigael alimwambia Magesa.

"Mikungu mia tatu, mwalimu, kama ilivyoandikwa. Nikawaahidi watu wa hoteli mpaka Mwanza. Nikakodi Fuso. Ikaja habari kwamba kuna chane tu."

Mama Haron aliinua kichwa. "Ngoja. Mkungu wewe unaita nini?"

"Mkungu, mama. Kitu chote kinavyotoka mgombani." Magesa alinyoosha mikono kama anayebeba mtoto wa miaka mitano.

"Mia tatu ya hiyo? Kila wiki?" Mama Haron alisahau kukasirika. "Baba, hiyo Gesima nzima haina! Tungekata mpaka migomba ya kanisa!"

"Sasa mbona mliandika?"

Bi. Abigael alivaa miwani, akasoma kifungu cha pili cha mkataba, akawatazama wote wawili, halafu akageuza macho taratibu kama mwalimu anayemtafuta aliyevunja dirisha.

Nilikuwa na kama nusu dakika hivi. Ningeweza kusema ni hitilafu ya uchapaji, na Damaris alikuwa nje, asingesikia. Ningeweza kusema Kiswahili cha Musoma na cha kwetu kinatofautiana, jambo ambalo lina ukweli wa kutosha kumficha mwongo. Nilihisi jasho likishuka ndani ya suti mpya. Kisha nikaona mikono ya Mama Haron mezani, imepasuka kwa kuchuma chai, na nikakumbuka kwamba kwa wiki saba wanawake wenzake walikuwa wakimwita msaliti.

"Ni mimi," nilisema. "Mama Haron aliniambia chane. Nilibadilisha."

"Kwa nini?" Magesa aliuliza, si kwa ukali, ila kwa kutaka kujua kweli.

"Niliona mkungu ni neno zuri zaidi."

Nimewahi kushindwa kesi, nimewahi kufukuzwa na mteja kwa panga lisilonolewa. Lakini sijawahi kusikia sentensi yangu mwenyewe ikisikika kijinga vile. Magesa alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akijaribu kujizuia kwa heshima, na aliposhindwa aliufunika uso kwa kofia. Bi. Abigael akasema anaomba maji.

Mama Haron hakucheka.

"Na simu?" aliniuliza kwa Ekegusii. "Nilikuuliza nimpigie."

"Nilikosea pia hapo."

"Dakika tano, Lewis. Ningempigia dakika tano." Ilikuwa mara ya kwanza asiniite wakili. Akanigeuzia bega, akamgeukia Magesa na kumwambia kwa Kiswahili, "Pole kwa lori."

"Pole kwa ndizi, mama. Na kwa maneno niliyosema mpakani. Nitayafuta mwenyewe, kwa mfanyabiashara mmoja mmoja."

Walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Chane mia tatu, gari dogo badala ya Fuso, na atakayekuwa na shida ampigie mwenzake kwanza. Magesa aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari, Kiswahili safi, nusu ukurasa. Nilijitolea kuongeza maneno machache kuhusu mafuriko na vita. Bi. Abigael alisema hapana hata kabla sijamaliza. Kazi yangu ilikuwa kushuhudia sahihi, na niliifanya vizuri.

Jumamosi iliyofuata sikuthubutu, lakini Jumapili nilikwenda Gesima. Kikundi kilikuwa kimekaa nyuma ya nyumba ya Mama Haron. Niliwaambia wote ishirini na wawili kilichotokea, nikisimama, bila karatasi. Bibi mmoja mzee aliyeitwa Nyanchera, ambaye ndiye aliyeeneza habari ya usaliti kwa bidii zaidi, aliuliza kama nilisoma chuo kikuu kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza miaka mingapi. Nikasema minne, na mmoja wa ziada. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasogea kwenye benchi kumpa Mama Haron nafasi karibu naye.

Mama Haron hakunisamehe siku hiyo. Aliniletea chai, kwa kuwa nilikuwa mgeni, akaniambia kikundi kitatafuta wakili mwingine kikipata mkataba mwingine. Tangu hapo, hata hivyo, amenitumia wateja wanne kutoka Gesima, wote wa viapo. Wa mwisho, kijana aliyepoteza kitambulisho, alinieleza alivyoelekezwa.

"Mama Haron alisema kwa kiapo uko sawa," alisema, "mradi nikuandikie mwenyewe maneno ya kuweka."

Alikuwa ameyaandika kweli. Niliyaacha kama yalivyo, nikagonga muhuri.