Kituo cha Genet Hakijajibu

"Nani kanitungia ushairi humu ndani?" Fisseha, mkuu wao, aliuliza, na ofisi nzima ikageuza viti.

Ukutani paliangazwa kipande cha programu ya kompyuta, kazi saidizi ya JavaScript, aliyoiandika Wubit, mwajiriwa mpya. Iliziuliza benki zote za damu, kituo cha Genet kikiwamo, kwa mpigo kama zina damu, ikapokea ahadi ya jibu kutoka kwa kila moja, kisha ikasubiri zote zifike mwisho, iliyotimia na iliyovunjika. Ahadi iliyovunjika haikuificha. Chini, kwa wekundu, palisomeka: Genet hawajajibu.

"Wateja wanakuja saa nane, nawe unawaandalia wekundu?"

"Mtandao wa intaneti wa Genet umekatika tangu asubuhi, Ato Fisseha. Ndio ukweli."

"Ukikatika, rudisha orodha tupu. Kwani tuliajiri padri wa kutuungamisha?"

Wakacheka. Hata Nardos, mwenzake ambaye jana tu alimega naye mkate wa injera sahani moja, aliziba mdomo kwa shali akacheka.

"Orodha tupu maana yake hawana damu." Wubit aliwageukia. "Kutojibu si kukosa. Mgonjwa atapelekwa kwingine, afie njiani."

"Sikiliza, binti. Bado uko kwenye majaribio hapa. Ukiona huruma imekuzidi, nenda kaoshe vidonda."

Fisseha akaifuta mistari ya Wubit mmoja mmoja, taratibu, ili kila mtu aone. Mahali pake akaweka mmoja tu, uliomeza kila kosa na kurudisha orodha tupu.

Saa nane wateja wakaketi, kahawa ikamiminwa. Fisseha akabonyeza. Ukuta ukang'aa kijani kitupu. Kando ya Genet: hakuna damu.

"Genet hawana kabisa?" aliuliza mama mmoja miongoni mwa wateja. Kalamu yake ilikuwa tayari.

"Hawana, mama," Fisseha alijibu akitabasamu, kisha akamtupia Wubit jicho: thubutu uone.

 Hata hivyo Wubit alitoa simu yake, akapiga namba ya Genet, akafungua kipaza sauti na kuilaza katikati ya meza, kati ya vikombe.

"Samahani, mama. Tuwaulize wenyewe."

Simu ikaita. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Beba mkoba wako," Fisseha alimnong'oneza kwa meno yaliyobanwa. "Sasa hivi."

Hakuubeba. Simu ikaita tena, na tena. Kisha upande wa pili kitu kikakwaruza, na mtu akavuta pumzi kabla ya kusema.