Sauti ya Mama Kwenye Diski

Nasambu ana mdomo, na siku ya kugawa vitu vya marehemu mama yao, kule Bungoma, aliutumia wote. Jembe lilikwenda kwa huyu, kigoda kwa yule, ng'ombe naye akapata mwenyewe bila kelele. Ndipo Nasambu akasimama akasema anataka sauti ya mama, tena anaitaka peke yake.

Sauti yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta ya kaka yake, Wangila. Miezi ile mama alipolazwa na ugonjwa, Wangila alikaa naye akamrekodi: jinsi alivyobeba tumbaku kichwani akiwa msichana Malakisi, nyimbo zake, kicheko chake, maombi aliyomwombea kila mjukuu kwa jina. Kazi nzuri, hakuna aliyekataa. Lakini alichukua kipande mama akilia kwa maumivu, akakiweka Facebook ili watu wasiomjua wamwonee huruma. Hilo Nasambu hakulimeza.

"Wewe ukibaki nayo utaiuza kama gunia ya mahindi," alimwambia mbele ya ukoo. "Nipatie yote, na kwako isibaki kitu!"

Baba yao mkubwa, Mzee Mukhisa, ambaye kompyuta kwake ni televisheni yenye meno, aliamua kama anavyoamua mambo ya ng'ombe. Amepewa Nasambu, basi itoke kwa Wangila. Hakuna aliyemweleza kwamba sauti inaweza kukaa nyumba mbili na isipungue. Waliosoma walikuwepo, Nasambu mwenyewe akiwa mmoja wao, mwalimu mzima. Alinyamaza kwa sababu kumkomoa kaka yake kulikuwa kutamu.

Wangila akahamishia kila kitu kwenye diski ndogo ya nje, akamkabidhi dada yake bila kumtazama usoni. Nasambu akaenda nayo kwake Kitale.

Jumapili baada ya kanisa aliwaketisha watoto sebuleni wamsikie nyanya yao, akachomeka diski. Kompyuta ya Wangila ni Mac, na diski aliiandaa kwa mtindo wa Mac. Ya Nasambu ni ya Windows, na haikuona sauti wala jina. Ilimwambia tu kwamba diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, na kwamba kilichomo kitafutika. Kitafutikaje kitu ambacho hakionekani? Angempigia Wangila, swali lingeisha hapo hapo. Lakini hawakuwa wakisemezana, na yeye si mtu wa kuanza. Akabonyeza ndiyo.

Diski ikafunguka. Ilikuwa tupu.

"Amenidanganya," alisema, na nisifiche, kuna raha fulani aliyoisikia. Kwa hasira akaijaza video za harusi na za shule mpaka ikafurika. Baadaye akaipeleka kwa Sunny, ambaye familia yake ina duka la kompyuta mjini. Hakutaka itengenezwe. Alitaka shahidi wa kumweleza Mzee Mukhisa kwamba Wangila alimpa diski tupu.

Sunny aliichunguza kwa muda mrefu.

"Haikuwa tupu, madam. Hii ilikuwa ya Mac, Windows haiwezi kuisoma, ndio maana ikakuambia ufomat. Na si ati ulifomat tu, ukaweka vitu vingine juu yake. Majina ya faili naona kadhaa. Sauti imeisha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini si mwenye alikupatia ako na copy?"

Nasambu alitoka nje na simu mkononi. Alimwomba Mungu kaka yake awe mwongo, awe mwizi, awe kila alichomwita mbele ya watu. Hajawahi kuomba jambo kwa moyo mweupe kama hilo.

"Wangila, niambie ukweli, sitakasirika. Ulibakisha?"

"Ningebakisha aje, na Mzee alikuwa amekaa hapo kando yangu? Nilifuta kwa kompyuta, nikafuta kwa simu, hata ile ya Facebook nikatoa. Nilitaka kusikiza ile ya maombi mara moja tu kabla nifute. Nikaona hapana, sasa ni ya dada."

Nasambu aligeuka akaitazama diski mezani kwa Sunny.

"Nimefurahi umepiga, bana," Wangila aliendelea, sauti imelegea. "Nilikuwa naogopa kukuomba. Si uniwekee hiyo moja, nisikie kwa simu? Weka tu, dada. Niko hapa, nasikiza."